Porsche ya Zamani na ya Juzi: Ipi Humwambia Dereva Ukweli?



Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii ilinijia akilini muhula uliopita, siku ya mjadala wa chama chetu, hoja ikiwa kwamba magari mapya ni bora kuliko ya zamani. Wenzetu walioiunga mkono hoja walitamba si haba. Walitaja kasi, wakataja breki, wakataja viti laini na redio. Walioipinga walibaki na jibu moja tu, ati magari ya zamani yana chuma kigumu. Kura zikapigwa, magari mapya yakashinda, nasi tukaelekea bwaloni kula githeri. Lakini mimi niliondoka na dukuduku. Hakuna hata mmoja wetu, nami nikiwemo, aliyeuliza swali ambalo kwangu ndilo kubwa: dereva anaposhika usukani, gari humwambia nini?

Ndiyo sababu nimemwomba mhariri anipe nafasi katika kurasa hizi. Sitazungumzia magari yote ya ulimwengu, maana huko ni kutwanga maji kwenye kinu. Nitachukua gari moja la spoti, nalo ni Porsche 911 kutoka Ujerumani. Nimelichagua kwa sababu maalum. Tangu mwaka wa 1964 hadi 1998, gari hili liliundwa likiwa na injini mahali pale pale, nyuma kabisa, na likapozwa kwa njia ile ile, yaani kwa hewa. Kwa hivyo anayelinganisha lile la zamani na lile lililofuata anawalinganisha ndugu wa tumbo moja. Hawezi kuambiwa kwamba analinganisha ndovu na sungura.

Najua mtaniuliza, "Wewe mwanafunzi, Porsche umeiendesha lini?" Jibu langu ni fupi: sijaiendesha. Leseni sina, na umri bado. Lakini mjomba wangu ni fundi wa magari jijini Nairobi, na likizo iliyopita wateja wawili walikuwa wamemletea 911 mbili kwa wakati mmoja. Moja ni ya mwaka wa 1972, nyingine ya 1990. Nilikaa katika viti vya zote mbili, nikakanyaga klachi zake, nikazungusha usukani zikiwa zimesimama uani. Kisha mjomba alipokwenda kuzijaribu barabarani, alinibeba. Niliyoyaona nitayasimulia, na yale ambayo hayakuingia machoni pangu nitayaeleza kama yanavyojulikana na kila anayelifuatilia gari hili.

Kwanza tuelewane kuhusu huku kupozwa kwa hewa. Magari mengi hupozwa kwa maji yanayozunguka ndani ya injini na kupoa kwenye rejeta. Kama umewahi kuona matatu imesimama kando ya mlima, boneti wazi, mvuke ukifuka na utingo akikimbia na mtungi, basi unaijua rejeta iliyokosa maji. Porsche 911 ya miaka ile haikuwa na rejeta wala tone la maji. Ilikuwa na feni kubwa nyuma, iliyozungushwa na mkanda, ikipuliza hewa juu ya silinda zenye mapezi madogo ya chuma. Mafuta ya injini nayo yalibeba sehemu kubwa ya joto na kwenda kupozwa. Ni njia ile ile ya Volkswagen ya mgongo wa kobe, na si ajabu, kwa maana magari haya yana ukoo mmoja. Aliyebuni ile kobe ni Ferdinand Porsche, na gari la kwanza lililobeba jina la ukoo huo, aina ya 356, lilitoka mwaka wa 1948 likitumia sehemu nyingi za Volkswagen.

Injini isiyo na maji haina kitu cha kuumeza mlio wake. Ile ya 1972 ilipowashwa uani, niliusikia mvumo wa feni, mlio wa mkanda, na chuma kikigongana na chuma. Mjomba alisikiliza kwa muda mfupi, akaniambia, "Vali moja imelegea." Hakuwa amefungua chochote. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba gari hili lina mdomo.

Jambo la pili ni uzito. Injini ya 911 iko nyuma ya ekseli ya nyuma. Fikirini mkokoteni uliopakiwa mizigo yote nyuma. Mshikio wa mbele huwa mwepesi mno, karibu umwinue mwenyewe. Ukiusukuma mlimani una nguvu, lakini ukishuka mteremko na kukata kona ghafla, mzigo hutaka kukupita. Hiyo ndiyo 911. Uzito ulio juu ya magurudumu yanayosukuma huyafanya yaing'ang'anie ardhi, hata kwenye matope. Volkswagen ya kobe ilikuwa na faida hiyo hiyo, nayo ilishinda mashindano ya Safari hapa Afrika Mashariki mwaka wa 1954, tena 1957, na tena 1962. Kizuri hakikosi ila, hata hivyo, na ila yake nitaifikia.

Sasa twende kwenye usukani wenyewe. Ile ya 1972 haina usukani wa pawa. Nilipouzungusha gari likiwa limesimama, ulikuwa mzito kiasi, lakini haukuwa wa kuvunja mikono, kwa sababu mbele hakuna injini ya kukalia magurudumu. Tulipotoka, tukafuata barabara ya Limuru kupitia Banana na Tigoni, katikati ya mashamba ya chai, niliona jambo ambalo sikulitarajia. Usukani haukutulia. Ulikuwa ukitikisika kidogo kidogo katika viganja vya mjomba, mara kushoto mara kulia, naye hakuubana. Aliushika kama mtu anayemshika ndege, asimwachie na asimuumize.

Tulikaribia kona moja yenye kichaka. Kabla sijaona chochote, mjomba akasema, "Hapa pana mchanga," akapunguza kasi kidogo. Kweli, tulipoingia konani nikaona mchanga uliomwagika kutoka kwenye lori. Nikamuuliza amejuaje. Akanijibu, "Usukani umekuwa mwepesi, mpwa wangu. Tairi za mbele zilianza kukosa pa kushika, zikaniambia." Mwepesi! Tofauti ya uzito ambayo labda ingeinua kikombe cha chai, na yeye aliisoma kama mwalimu anavyosoma daftari.

Wasomaji, msidhani huu ni uchawi. Kila mmoja wetu aliyewahi kuendesha baiskeli ya Black Mamba kwenye barabara ya vumbi anaijua hisia hii. Ukiingia mchangani, mikono hujua kabla ya macho. Kati ya mkono wako na gurudumu pana chuma tu, na chuma hakijui kuficha siri. Ndivyo ilivyokuwa 911 ya kwanza. Ilipoonyeshwa Frankfurt mwaka wa 1963 iliitwa 901, ila kampuni ya Peugeot ilidai haki ya namba zenye sifuri katikati, ndipo jina likabadilishwa. Ilikuwa na injini ya lita 2 yenye nguvu za farasi 130 na uzito wa kilo kama 1,080 tu. Gari jepesi, tairi nyembamba, usukani usio na mkalimani.

Basi, je, nitasema ya kale ni dhahabu, niweke kalamu chini? La hasha. Hapa ndipo ninapotofautiana na wazee wanaoyasifu magari ya zamani hadi wanasahau makaburi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Gari hili lilimwambia dereva ukweli, lakini halikuwa na msamaha. Dereva akiingia kona kwa kasi, kisha akaogopa na kuondoa mguu kwenye mafuta, uzito hukimbilia mbele, magurudumu ya nyuma hubaki mepesi, na ule mzigo wa mkokoteni hutaka kupita mbele. Nyuma ya gari hufyatuka. Hofu ambayo katika gari lingine ingemwokoa, katika hili humwingiza mtaroni, tena akiingia kinyumenyume.

Waundaji wenyewe waliyajua hayo. Katika magari ya mwanzo mwanzo waliweka vyuma vizito, kilo 11 kila upande, ndani ya bampa ya mbele ili kuituliza. Halafu kwa magari ya mwaka wa 1969 waliyasogeza magurudumu ya nyuma kurudi nyuma kwa milimita 57, ili uzito usikae mbali sana nyuma yake. Milimita 57 ni pungufu ya upana wa kiganja, lakini zilileta nafuu. Mwaka wa 1975 ikaja ile ya Turbo yenye nguvu za farasi 260. Dereva alikanyaga mafuta, akasubiri, hakuna kitu. Akiwa katikati ya kona nguvu zikaja zote kwa pamoja kama mafuriko. Watu waliipa jina la mtengeneza wajane. Jina kama hilo halipewi gari kwa mzaha.

Sasa tuje kwa ndugu yake mdogo. Mwaka wa 1989 ilitoka 911 ambayo wataalamu huiita 964. Kwa macho ilifanana na dada zake, lakini kampuni ilisema asilimia 85 ya sehemu zake zilikuwa mpya. Injini lita 3.6, nguvu za farasi 250, bado ya kupozwa kwa hewa. Vile vyuma vya kujisokota vilivyobeba gari tangu zamani viliondolewa, zikawekwa springi za kawaida. Kukaja usukani wa pawa. Kukaja breki za ABS. Ya kwanza kutoka, Carrera 4, ilisukumwa na magurudumu yote manne, asilimia 31 ya nguvu mbele na 69 nyuma. Ile ya magurudumu mawili, Carrera 2, ikafuata. Uzito nao ulipanda: Carrera 2 ilikuwa kama kilo 1,350 na Carrera 4 kama kilo 1,450. Ni kana kwamba ile ya kwanza imebeba watu watano wazima siku zote.

Hii ya 1990, yenye magurudumu mawili ya kusukuma, niliuzungusha usukani wake uani kwa kidole kimoja. Nikafurahi, sidanganyi. Nikajisemea, kumbe wale wenzangu wa mjadala walikuwa na haki! Barabarani ilikuwa tulivu. Mashimo ambayo ile nyingine iliyatangaza kwa sauti, hii iliyanong'ona. Ilikwenda kasi zaidi na mimi sikujua kwamba tunakwenda kasi zaidi mpaka nilipochungulia saa ya mwendo. Tukafika kwenye kona ile ile ya kichaka, na ule mchanga ulikuwa bado uko pale. Mjomba hakusema kitu. Tulipopita nikamuuliza kama ameuhisi. Akafikiri kidogo, akasema, "Nimeuhisi, lakini kama mtu anayeongea na mimi akiwa chumba cha pili."

Laiti hadithi ingeishia hapo, ningekuwa nimeshinda hoja yangu. Lakini tulipokuwa tukirudi, karibu na Banana, bodaboda iliyobeba magunia mawili ilichomoka kutoka barabara ya pembeni bila kutazama. Mjomba aliikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Nilisikia mtetemo mkali, tatatata, chini ya miguu yake. Hiyo ni ABS, ambayo kazi yake ni kuyaachilia na kuyabana magurudumu mara nyingi kwa sekunde moja yasije yakaganda na kuteleza. Gari lilisimama limenyooka, tena mjomba akiwa bado anaweza kulikata kulia kidogo. Mwenye bodaboda alitupungia mkono, akaenda zake na magunia yake kana kwamba hakuna lililotukia. Mimi nilikuwa natetemeka. Mjomba alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ile nyingine ingetaka ustadi wangu wote. Hii imetaka mguu tu."

Maneno hayo yamekaa kichwani mwangu tangu siku hiyo. Na ndiyo yamenifanya nione kwamba katika mjadala wetu, pande zote mbili tulikosea. Tulichanganya mambo mawili ambayo si mamoja. Gari jipya humsaidia dereva kwa njia mbili tofauti. Njia ya kwanza ni kumpunguzia kazi, na katika kumpunguzia kazi humpunguzia habari pia. Usukani wa pawa wa wakati ule ulikuwa hivyo: ulimwondolea uzito, na ukweli uliokuja pamoja na uzito huo ukapungua. Njia ya pili ni kungoja kimya hadi dereva au mwingine akosee, ndipo kuingia kumwokoa. Breki za ABS ni za aina hii. Huwezi kuzihisi mwaka mzima kama hujapatwa na hatari. Haziugusi usukani wako, haziingilii kona yako, hazikunyamazishii gari.

Mteja mwenye ile ya 1990 hakuwa ameiona tofauti hii. Alikuwa amemletea mjomba gari akitaka airudishe iwe "kama ya zamani". Atoe usukani wa pawa, atoe ABS, atoe kila kilichoitwa msaada, ili apate hisia za kweli za uendeshaji. Mjomba alikubali habari ya usukani. Habari ya breki alikataa katakata. Alimwambia, "Mzee, usukani nitakutolea leo. Lakini hizo breki hazikuzuii kuhisi kitu chochote, na barabarani huko hauko peke yako." Mteja alikasirika, akasema pesa ni zake na gari ni lake. Aliliacha gari pale wiki mbili nzima. Aliporudi, alikubali usukani utolewe na breki zibaki. Nilifurahi sana, kwa sababu nilikuwa nimemwona yule wa bodaboda kwa macho yangu.

Kama mtu anadhani mjomba alikuwa mkaidi tu, na atazame walivyofanya waundaji wenyewe. Mwaka wa 1992 walitoa 964 ya pekee, Carrera RS, kwa ajili ya watu waliopenda kuendesha kuliko kustarehe. Walipunguza zaidi ya kilo 100, wakaondoa hata viti vya nyuma, na nyingi zilitoka bila usukani wa pawa. Lakini ABS waliiacha mahali pake. Walijua kipi kinaziba masikio ya dereva na kipi hakizibi. Na huko Marekani, tangu mwaka wa 2009, kampuni ya Singer imekuwa ikizichukua 964 na kuziunda upya ziwe na sura ya zile za zamani. Nadhani matajiri hao hawanunui sura peke yake. Wanatafuta ile sauti, ila hawako tayari kuifia.

Mwaka wa 1993 ilitokea ya mwisho ya kupozwa kwa hewa, iitwayo 993. Hii ilipewa mpangilio mpya kabisa wa kuyashikilia magurudumu ya nyuma, wenye mikono mingi ya chuma. Magurudumu hayakuruhusiwa tena kugeuka nje kwa siri dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta. Ila ile kubwa niliyoitaja ikawa imetibiwa, baada ya miaka karibu 30. Wengi husema hiyo ndiyo bora ya ukoo mzima, nami sina ugomvi nao. Machi 1998 ya mwisho ikatoka kiwandani. Sheria za kelele na za moshi zilikuwa zimebana, na injini ya hewa haikuweza kuzitimiza kwa urahisi. Maji yakaingia, na ule mdomo wa nyuma ukafungwa.

Kuna watakaonipinga, na nina heshima kwao. Mmoja atasema, "Hiyo unayoiita sauti ni kelele na usumbufu tu. Mtu anayetoka kazini amechoka hataki kuongeleshwa na gari." Kwa matatu, kwa basi la shule, kwa ambulensi, nakubaliana naye bila shaka. Dereva wa basi letu akipewa usukani usio na pawa, hatutafika kwenye tamasha la muziki hata siku moja. Lakini gari la spoti lilinunuliwa kwa ajili ya nini? Ukilitia pamba mdomoni, umebaki na gari la kawaida lenye viti viwili vya kubana nyuma.

Mwingine atasema, "Kama gari la zamani lilikuwa hatari hivyo, faida ya kuongea kwake iko wapi?" Namjibu hivi: liliongea kabla ya hatari, na aliyejifunza lugha yake alifika mbali. Tutazame Safari Rally, iliyopita katika barabara zetu wenyewe. Sobiesław Zasada alimaliza wa pili kwa 911 mwaka wa 1972. Björn Waldegård alikuwa wa pili mwaka wa 1974, nyuma ya Joginder Singh wetu. Vic Preston mdogo, Mkenya, ambaye baba yake ndiye aliyeshinda kwa Volkswagen mwaka wa 1954, alikuwa wa pili kwa 911 mwaka wa 1978. Ni kweli Porsche haikuwahi kushinda Safari yenyewe. Lakini mwaka wa 2011, katika Safari ya magari ya zamani, Waldegård huyo huyo alirudi akiwa na miaka 68, mwanawe akiwa msaidizi wake garini, akashinda kwa 911. Katika umri huo misuli si ya kijana. Kilichobaki ni mikono inayojua kusikiliza.

Wa tatu atauliza, na pengine huyu ndiye mwenye swali kali: "Gari za matajiri zinatuhusu nini sisi wa kulipa karo kwa awamu?" Ndugu yangu, mimi pia sitarajii kumiliki Porsche. Lakini sote tunasaidiwa, kila siku, na inafaa tujue ni msaada wa aina gani. Mwalimu anayesahihisha insha yako kwa wino mwekundu anangoja ukosee, kisha anakuokoa. Huyo ni ABS. Rafiki anayekuandikia insha nzima usiku wa kuamkia siku ya kuikusanya anakupunguzia kazi, lakini hutajua kamwe mchanga uko wapi. Siku ya mtihani utaingia konani kwa kasi ile ile, mikono yako ikiwa haijawahi kuambiwa kitu.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na nitausimamia. Kwa hisia za uendeshaji, 911 ya zamani inaishinda ile ya juzi, tena kwa mbali. Kwa usalama, ile ya juzi inaishinda ya zamani, tena kwa mbali zaidi. Lakini si lazima mtu achague moja na kuitupa nyingine. Usukani nautaka wa 1972, breki nazitaka za 1990. Msaada unaoninyima habari niondoleeni, na msaada unaomwokoa mwenye bodaboda niachieni.

Namwomba katibu wa chama airudishe hoja hii muhula ujao, ila airekebishe. Badala ya kuuliza kama magari mapya ni bora, tuulize: ni msaada upi ambao dereva angefaa kuukataa? Mimi nitaketi upande wa kuuliza maswali. Na kama mlinzi wa lango ataruhusu, nitamwalika mjomba aje na ile ya 1972, tuiwashe uwanjani pale mbele ya maktaba, kila mtu asikilize mwenyewe. Vali iliyolegea ameshaikaza.

Wasalaam.